Nikeli, paladi, kobalti: alama tatu mgongoni, je, ni mizio mitatu?

SWALI: Shikamoo daktari. Nilitoboa masikio nikiwa na miaka 12, na tangu hapo hereni zisizo za dhahabu zinaniwasha mpaka zinatoa majimaji. Baadaye kifungo cha jinzi kikaanza kunitoa ukurutu chini ya kitovu. Mwaka huu nimefanyiwa kipimo cha viraka mgongoni, yaani kubandikwa vitu vinavyoshukiwa ili kuona ngozi itajibu nini, na majibu ni haya (alama zikizidi, ngozi imejibu kwa nguvu zaidi): nikeli +++, paladi ++, kobalti +; kromi na dhahabu hakuna kitu. Nikaambiwa tu “epuka vyuma”. Sasa mchumba wangu anataka kuninunulia pete ya dhahabu nyeupe, na daktari wa meno anataka kunivika taji kwenye gego. Je, mwili wangu unakataa metali zote? Mzio wa paladi nimeupata wapi wakati sijawahi kuvaa paladi maishani? Na ni kweli niache kakao na njugu?

JIBU: Marahaba, binti yangu, na pole kwa kuwashwa miaka yote hiyo. Hapana, mwili wako haukatai metali zote. Unakataa moja kwa uhakika, nayo ni nikeli. Paladi imeingia kwa mgongo wa nikeli. Kobalti ni habari nyingine kabisa, na ile alama yako moja nina mashaka nayo. Nitaeleza kwa nini. Agizo la “epuka vyuma” halikusaidii chochote, kwa sababu hakuna anayeishi bila kushika ufunguo, kijiko wala kitasa cha mlango, na wala huna haja ya kujaribu.

Kwanza ufahamu kwamba kipande cha metali, kikiwa kikavu na kizima, hakimpi mtu mzio. Kinachosumbua ni ioni. Jasho lina chumvi, na chumvi hiyo hula uso wa metali taratibu na kung'oa chembe zenye chaji ya umeme, ambazo hupenya tabaka la juu la ngozi. Ioni peke yake ni ndogo mno kutambuliwa na seli za kinga. Lakini ikishikamana na protini za mwili, hasa kwenye amino asidi iitwayo histidini, protini hiyo hubadilika sura kidogo, na seli T, aina ya seli za kinga, huiona kama kitu kigeni. Kujifunza huko kunaweza kuchukua wiki, miezi au miaka ya kugusana. Seli zikishajifunza, hazisahau. Siku utakayovaa tena hereni ile, zitahitaji saa 24 hadi 72 kukusanyika mahali hapo, na ndiyo maana vipele hutokea kesho au keshokutwa wakati umeshasahau ulivaa nini.

Nikeli ina uwezo wa ziada. Mwaka 2010 watafiti walionyesha kwamba ioni yake hujibandika moja kwa moja kwenye kipokezi cha kinga kiitwacho TLR4, ambacho kazi yake ya kawaida ni kugundua bakteria. Inashika histidini mbili ambazo kipokezi cha binadamu kinazo na cha panya hakina. Panya wa maabara, kwa kawaida, ni vigumu sana kuwapa mzio wa nikeli. Kwa hiyo nikeli haihitaji msaada: inaleta ugeni na inaamsha kinga yenyewe. Kobalti na paladi nazo zimeonekana kukiamsha kipokezi hichohicho. Hili ni sehemu ya sababu kwamba majina haya matatu yanakutana mara nyingi kwenye karatasi za majibu kama yako, lakini kuamsha kinga si sawa na kutambuliwa na seli ileile, na hapo ndipo maelezo mengi yanapochanganya watu.

Mtu anaweza kuonyesha alama kwa metali mbili kwa njia mbili tofauti. Njia ya kwanza ni mzio mtambuka: seli T iliyojifunza kwa nikeli inapokutana na paladi inaidhania kuwa nikeli na kuishambulia. Njia ya pili ni mizio sambamba: una makundi mawili ya seli, kila moja lilijifunza kwa metali yake, pengine kwa sababu metali zote mbili zilikuwemo katika hereni moja. Mgongoni hutaona tofauti, maana wekundu ni wekundu. Tofauti iko katika maisha ya baadaye. Mwenye mzio mtambuka anaweza kujibu metali ambayo hajawahi kuigusa. Mwenye mizio sambamba lazima awe amekutana na kila moja.

Paladi yako ni ya njia ya kwanza, kwa kadiri ninavyoweza kusema nikiwa mbali. Ukitazama jedwali la elementi, nikeli ni namba 28, na paladi, namba 46, iko chini yake katika safu hiyohiyo. Ioni zake huwa na chaji mbili kama za nikeli, na hushika protini kwa mtindo unaofanana. Maabara walipokuza seli T za watu wenye mzio wa nikeli na kuzijaribu moja moja, baadhi zilijibu paladi pia, na baadhi zikajibu shaba. Na kliniki inaonyesha hivyohivyo: wengi mno wa wanaojibu paladi hujibu na nikeli, ilhali wanaojibu paladi peke yake ni wachache. Kwa hiyo swali lako la “nimeupata wapi” lina jibu jepesi: uliupata kwenye zile hereni za utotoni, bila kugusa paladi hata siku moja.

Shaba hapo inafundisha jambo. Seli za maabara zinaijibu, lakini mzio wa shaba kwenye ngozi ya mtu halisi ni nadra, na sijawahi kumkataza mgonjwa wa nikeli kuvaa shaba au fedha kwa sababu ya majaribio yale.

Sasa tahadhari moja kuhusu zile ++ zako. Kiraka cha paladi hakina kipande cha paladi. Kina chumvi yake, yaani ioni zilizokwisha kuyeyuka, tayari kupenya. Paladi yenyewe ni metali sugu isiyolika kirahisi na jasho. Wagonjwa waliojibu chumvi hiyo walipobandikwa kipande cha paladi halisi, wengi hawakupata kitu. Majibu yako yanasema kwamba seli zako zinaweza kuitambua paladi. Kwamba pete yenye paladi itakuletea ukurutu, hilo hayasemi. Hata hivyo pete ya ndoa huvaliwa usiku na mchana kwa miaka, chini yake kuna sabuni na unyevu, na kama kuna chaguo lingine zuri sioni sababu ya kubahatisha.

Tuje kwenye kobalti, ambayo kwangu ndiyo tamu zaidi kuizungumzia. Kobalti ni namba 27, jirani ya nikeli ubavuni, na watu hudhani ujirani huo unatosha kuleta mzio mtambuka. Ushahidi haujaunga mkono sana dhana hiyo. Seli T za nikeli zilizojibu paladi na shaba kwa kawaida hazikujali kobalti. Kinachozifanya zionekane pamoja ni kwamba huchimbwa pamoja, na hukaa pamoja katika aloi (mchanganyiko wa metali) na vitu vilivyochovywa metali kwa juu. Aliyetobolewa kwa hereni duni mara nyingi amekutana na zote mbili siku moja, kwenye jeraha bichi. Hiyo ni mizio sambamba. Wapo pia wenye mzio wa kobalti bila nikeli, kwa mfano mafundi wanaonoa vyuma vigumu vya karbidi, ambavyo hushikizwa kwa kobalti, au wanaoshughulika na rangi za buluu za vyungu na vigae. Siku hizi imegundulika pia kwenye baadhi ya bidhaa za ngozi, viatu na fanicha, jambo ambalo zamani hatukulitafuta.

Lakini wewe una + moja tu, na kobalti ina tabia mbili za kudanganya msomaji wa kipimo. Ya kwanza: chumvi ya kobalti hupenda kuacha vidoti vidogo vyekundu-kahawia kwenye matundu ya jasho, bila uvimbe wala ukurutu. Vidoti hivyo si mzio, ila asiyezoea anaweza kuviandika +. Ya pili: mmenyuko mkali wa +++, kama wako wa nikeli, unaweza kuichokoza ngozi ya jirani hata kiraka cha pembeni kikawa chekundu bila haki yake. Kama kobalti ilibandikwa karibu na nikeli, nataka kujua. Uliza kliniki kama walipiga picha, kama waliona uvimbe au vidoti tu, na walisoma siku zipi. Viraka huondolewa baada ya saa 48, lakini usomaji wa maana ni wa siku ya 3 au 4, na wa siku ya 7 husaidia sana kwa metali. Wekundu uliokuwepo siku ya 2 ukafifia siku ya 4 kwa kawaida ni mwasho wa kawaida. Mzio huzidi kukomaa.

Kromi kutoonyesha kitu ni habari njema kuliko unavyodhani, ingawa watu wengi hutishika na neno kromi pasipo sababu. Kromi ya kung'aa kwenye bomba haina neno. Inayoleta mzio kwa urahisi ni kromi iliyoyeyuka, hasa ile yenye chaji sita, iliyowatesa mafundi wa saruji miaka mingi hadi nchi kadhaa zikaanza kuongeza chumvi ya chuma kwenye saruji ili kuipunguza nguvu kromi hiyo. Denmark ilianza mwaka 1981. Viatu vya ngozi ndiyo njia nyingine. Wewe havikuhusu.

Kutokujibu dhahabu pia ni vyema, japo hata ungejibu nisingeharakisha kukuvua chochote. Kipimo cha dhahabu kinajulikana kwa kutoa majibu yaliyochelewa, wakati mwingine wiki nzima baadaye, kwa watu wanaovaa dhahabu kila siku bila kuwashwa.

Basi pete. Dhahabu nyeupe haipo ardhini. Ni dhahabu ya kawaida iliyoondolewa unjano kwa kuchanganywa na metali nyeupe, na metali hiyo mara nyingi ni nikeli au paladi. Umeona tatizo: katika mchanganyiko wote wanaoweza kukuuzia, hii ndiyo inayogongana na majibu yako moja kwa moja. Karati 18 ni dhahabu asilimia 75, karati 14 ni asilimia 58.5, na kilichobaki ndicho cha kuulizia. Wengi watakwambia pete imepakwa rodi (rhodium, metali nyeupe ya kung'aa) kwa juu, hivyo haitakugusa. Rodi haina shida, ila tabaka lake ni jembamba na hulika, kwanza upande wa ndani wa kidole, hapohapo unapotoka jasho.

Mimi ningechagua dhahabu ya njano ya karati 18 au zaidi, ambayo kwa kawaida huchanganywa na fedha na shaba. Mkitaka nyeupe, platinamu. Platinamu iko chini ya paladi katika safu ileile, na wagonjwa makini huniuliza kama mzio mtambuka hauendelei kushuka mpaka huko. Kwa pete, hilo halijawa tatizo: metali hii karibu haitoi ioni kabisa. Chumvi za platinamu ndizo hatari, nazo huwapa pumu wafanyakazi wa viwanda vya kuisafisha, kwa njia tofauti kabisa na mzio wako. Kuna swali moja ambalo sonara lazima ajibu: hiyo platinamu imechanganywa na nini? Nyingi ni asilimia 95, na zile asilimia 5 zinaweza kuwa ruteni, iridi, shaba, paladi au hata kobalti. Mwombe yenye ruteni au iridi. Titani safi na niobi ni salama na nyepesi, ila titani ni shida kuipanua kidole kikinenepa.

Maandishi ya “haina mzio” kwenye kasha la hereni usiyategemee sana. Kuna kitu bora zaidi: chupa ndogo ya kipimo cha dimethilglioksimu na amonia. Unatia matone kwenye pamba, unasugua kifungo, hereni au bizimu ya mkanda kwa nusu dakika hivi, na pamba ikigeuka waridi basi kitu hicho kinamwaga nikeli. Kipimo hiki hakinasi kiasi kidogo mno, kwa hiyo pamba nyeupe si hati ya usalama, lakini waridi ni waridi. Pima vitu vya nyumbani siku moja utashangaa: vingi ulivyoviogopa vitapita, na kimoja viwili usivyovidhania, pengine zipu au fremu ya miwani, vitakamatwa. Kwa kobalti kuna kipimo chake, kinachogeuka kutoka njano kwenda rangi ya chungwa.

Hapa pia ndipo utakapoelewa kioja cha chuma cha pua. Daraja la 316L lina nikeli asilimia 10 hadi 14, na bado wagonjwa wengi wa nikeli huvaa saa ya 316L bila tatizo. Kromi iliyomo hujenga utando mwembamba wa oksidi unaoziba nikeli isitoke. Daraja la 303, ambalo huongezwa salfa ili likatike vizuri kwenye mashine, huachia nikeli zaidi ingawa kwa jina nalo ni chuma cha pua. Kwa hiyo ukiuliza “kuna nikeli ndani?” umeuliza swali lisilokusaidia, uliza inatoa kiasi gani. Sheria ya Umoja wa Ulaya, iliyopitishwa 1994, imepima hivyohivyo: mikrogramu 0.5 kwa sentimita ya mraba kwa wiki kwa vitu vinavyokaa kwenye ngozi, na 0.2 kwa vipini vinavyopita kwenye tundu la kutoboa. Hata ikiwepo sheria hiyo, kati ya asilimia 8 na 19 ya watu wazima barani humo wana mzio wa nikeli, wanawake wengi kuliko wanaume, na chanzo kikubwa ni masikio. Kikomo hicho kinalinda wengi, si wote, na wewe mwenye +++ uko upande mgumu wa mstari. Kwenye tundu jipya la kutoboa usikubali chuma cha pua cha daraja lolote. Dai titani au niobi mpaka lipone.

Kwa gego lako mambo ni rahisi. Omba taji la zirkonia au kauri tupu, lisilo na metali. Uwe mwangalifu na taji la “kauri” ambalo ndani yake kuna kikombe cha metali; kwa nje huwezi kujua. Aloi za nikeli na kromi za meno mara nyingi zina nikeli zaidi ya nusu ya uzito wake, na hizo zikatae. Zile za kobalti na kromi zisubiri tuhakikishe kobalti yako. Usipatwe na hofu kuhusu kinywa kwa ujumla: mate huosha ioni haraka, na kinywa kinavumilia metali kuliko ngozi. Watoto waliofungwa vyuma vya kunyoosha meno kabla ya kutoboa masikio wameonekana kupata mzio wa nikeli kwa uchache kuliko waliotoboa kwanza, ingawa waya wa nitinoli unaotumika humo ni nikeli karibu asilimia 55.

Kama siku moja utahitaji goti au nyonga bandia, mwambie daktari wa mifupa kuhusu majibu haya kabla ya upasuaji ili achague aina. Usikubali, hata hivyo, kutishwa kwamba kiungo kitakataliwa. Wenye mzio wa ngozi wengi hukaa na viungo hivyo bila shida.

Kakao na njugu usiziache kwa sasa. Kweli zina nikeli nyingi, pamoja na jamii ya kunde, soya na oti (oats), na wapo wagonjwa wachache ambao nikeli ya kumeza huamsha malengelenge ya viganja au ukurutu wa mwili mzima. Wewe una ukurutu pale tu metali inapogusa, na huo hutibiwa kwa kuondoa metali. Mlo wa kubana namjaribisha mtu ambaye ameepuka kila kitu miezi kadhaa na bado mikono inapasuka, tena kwa mwezi mmoja au miwili tu, akiwa na mtaalamu wa lishe. La kuangalia mapema zaidi ni upungufu wa madini ya chuma mwilini, kwa sababu utumbo wenye njaa ya chuma hufyonza nikeli nyingi zaidi. Kama hedhi yako ni nzito, pima damu.

Ukurutu wa kitovu upake krimu ya steroidi uliyoandikiwa kwa wiki moja au mbili mpaka utulie, si siku mbili za kupoza mwasho kisha kuacha. Kifungo cha jinzi kibadilishe cha plastiki au kishonee kitambaa kinene kwa ndani. Rangi ya kucha ambayo wengi hupaka huchubuka baada ya kufua mara chache. Halafu panga na kliniki wakurudie kiraka cha kobalti peke yake, mbali na nikeli, baada ya miezi miwili au mitatu, mgongo ukiwa haujapakwa steroidi wala kuunguzwa na jua wiki moja kabla. Pete mnaweza kuiagiza hata leo, maana dhahabu ya njano, au platinamu yenye ruteni au iridi, haisubiri jibu la kobalti.